Kivimbe shingoni, na majibu yasiyosema ndiyo wala hapana

Mara nyingi jambo lenyewe huanza bila kishindo. Mama anajipaka mafuta mbele ya kioo, vidole vinagusa kitu kama gololi pembeni mwa koo. Au amekwenda kupima presha, daktari anampapasa shingo na kumwandikia altrasaundi. Au ni mume mezani anayesema, "Hebu meza mate tena, mama watoto," kwa sababu ameona kitu kinapanda na kushuka.

Wiki mbili au tatu baadaye kuna karatasi mkononi. Imeandikwa kwa Kiingereza, ina neno Bethesda na namba ya Kirumi, III. Daktari anaeleza kwamba hakuna ushahidi kuwa ni saratani, lakini pia hawezi kusema siyo. Familia inarudi nyumbani na swali lile lile iliyokwenda nalo, safari hii likiwa zito zaidi.

Hapo ndipo lawama huanza. Maabara haijui kazi, daktari anataka hela ya upasuaji, hospitali fulani ni bora kuliko hii. Wakati mwingine lawama hizo zina ukweli. Lakini kwa saratani ya tezi ya thairoidi, "hatujui" mara nyingi ni jibu la kweli kabisa, na hutolewa hata katika hospitali kubwa za Marekani na Ulaya. Anayeelewa kwa nini linatolewa ana nafasi nzuri zaidi ya kutokatwa kisichostahili kukatwa, na ya kutochelewa pale ambapo kuchelewa ni hatari.

Tezi yenyewe

Thairoidi ni tezi ndogo yenye umbo la kipepeo, iko mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo. Hutengeneza homoni zinazoamua mwili uende mbio au polepole: mapigo ya moyo, joto, choo, uzito, hedhi, na ukuaji wa ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji madini joto, yale yanayowekwa kwenye chumvi.

Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, ambako udongo na maji vina madini joto kidogo, wazee wanakumbuka enzi ambapo mtu mwenye shingo iliyovimba hakuwa wa kushangaza. Wengine waliita rovu, wengine goita. Chumvi yenye madini joto imepunguza sana tatizo hilo, ila imeacha nyuma mazoea fulani: mtu akiona shingo imevimba husema "ni goita tu" na kuendelea na shughuli. Kwa walio wengi maneno hayo ni sahihi. Kwa wachache si sahihi, na hao wachache ndio wanaoumiza vichwa vya madaktari.

Vivimbe ndani ya tezi hii ni vya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Mtu akipapaswa kwa mkono, vinapatikana kwa watu wachache kati ya kila 100. Akipimwa kwa altrasaundi, idadi inaruka: tafiti mbalimbali zimekuta vivimbe kwa watu kuanzia 19 hadi 68 kati ya 100, na wengi wao ni wanawake na watu wenye umri mkubwa. Kwa maneno mengine, ukiwaweka akina mama wote wa kikoba kwenye foleni ya altrasaundi, wengi watatoka na kivimbe kwenye karatasi. Kati ya vivimbe vinavyopimwa kwa watu wazima, takriban tisa katika kila kumi si saratani.

Kosa moja linalorudiwa sana ni kuamini kipimo cha damu kupita kiasi. Mtu anapima homoni, majibu yanakuja ya kawaida, anashusha pumzi na kusema hana saratani. Kipimo hicho kinaeleza tezi inafanya kazi kwa kasi gani. Hakielezi kama ndani yake kuna saratani. Wagonjwa wengi wa saratani ya thairoidi wana homoni za kawaida kabisa siku wanayogunduliwa.

Kipimo kinachofuata ni altrasaundi, na hapa mtaalamu hatazami ukubwa peke yake. Anaangalia kama kivimbe kimejaa maji au ni kigumu, kama ni cheusi kuliko nyama inayokizunguka, kama kingo zake zimechongoka, kama kimesimama wima kuliko kilivyolala, na kama kina vichembe vyeupe vidogo mfano wa punje za chumvi. Mfumo unaotumika sana, TI-RADS, hujumlisha alama za mambo hayo na kukipanga kivimbe katika madaraja matano. Chenye sura mbaya kabisa huchomwa sindano kikifika sentimita 1. Chenye sura ya wasiwasi mdogo husubiriwa hadi sentimita 2.5. Ndiyo maana jirani mwenye kivimbe kidogo kuliko chako anaweza kuwa amechomwa sindano na wewe umeambiwa urudi baada ya mwaka. Haimaanishi kuwa umepuuzwa.

Sindano na madaraja yake sita

Sindano inayotumika ni nyembamba, nyembamba kuliko ile ya kutolea damu. Daktari huingiza ndani ya kivimbe, mara nyingi akiongozwa na altrasaundi, akavuta chembechembe na kuzipaka kwenye kioo. Hofu iliyopo mitaani kwamba "ukichokoa saratani inasambaa" imewafanya wengi wakatae kipimo hiki. Kusambaa kwa njia ya sindano hii nyembamba ni nadra mno, wakati kukataa kipimo kunamwacha daktari akibahatisha.

Zamani kila maabara iliandika majibu kwa lugha yake. Mmoja aliandika "zina shaka", mwingine "si za kawaida", mwingine "haiwezi kuondolewa uwezekano wa...", na daktari wa upasuaji alibaki akikisia mwenzake amemaanisha nini. Mwaka 2007 wataalamu walikutana Bethesda, mji ulio jimbo la Maryland nchini Marekani, wakakubaliana lugha moja. Toleo la tatu la mfumo huo lilitoka mwaka 2023.

Daraja la I maana yake sindano haikupata chembe za kutosha. Si habari njema wala mbaya, ni kazi ya kurudiwa. Daraja la II ni uvimbe usio saratani, ingawa hata hapo uwezekano uliobaki ni kama asilimia 4, ndiyo maana mtu huambiwa arudi kwa uangalizi. Daraja la VI ni saratani kwa asilimia 97, na la V ni shaka kubwa, asilimia 74.

Shida iko katikati. Daraja la III lina uwezekano wa saratani wa asilimia 22 hivi, la IV asilimia 30. Hizo ni wastani wa takwimu kutoka hospitali nyingi, na hospitali moja na nyingine hutofautiana. Mtu anaposikia asilimia 22 anasikia saratani. Ukigeuza hesabu, watu 78 kati ya 100 wenye karatasi kama yake hawana saratani. Tatizo ni kwamba hakuna anayeweza kumwambia yeye yuko kundi gani.

Kwa nini darubini ishindwe? Chukua mfano wa banda la kuku lenye uzio. Kuna aina ya uvimbe wa thairoidi, aina ya folikula, ambayo chembe zake zinafanana ziwe za saratani au siyo. Tofauti yao si sura. Tofauti ni kama zimetoboa ganda linaloufunika uvimbe, au zimeingia ndani ya mishipa ya damu. Sindano ni sawa na kuingiza mkono bandani na kutoa kuku watatu. Utawaangalia kuku hao hadi kesho, hawatakuambia kama uzio umetobolewa. Kwa kujua hilo lazima uuzunguke uzio wote, na kuuzunguka kunataka uvimbe uwe umeshatolewa mwilini.

Kwa hiyo watu hufanyiwa upasuaji ili kujua, si ili kutibiwa. Wengi hawaelezwi hivyo waziwazi, na wangestahili kuelezwa. Katika nchi zenye uwezo kuna vipimo vya vinasaba vinavyofanywa kwenye chembe zile zile za sindano ili kupunguza upasuaji usio wa lazima, lakini gharama yake ni kubwa na kwa familia nyingi za huku bado ni hadithi ya mbali. Kilicho karibu zaidi ni kurudia sindano baada ya muda, kumpa mtaalamu wa pili vioo vile vile avisome, au kutoa nusu moja ya tezi badala ya tezi nzima. Mwenye daraja la III au la IV ana haki ya kuuliza: je, nusu inatosha? Nusu iliyobaki mara nyingi huendelea kutengeneza homoni za kutosha, na mtu akaepuka vidonge vya kila siku.

Saratani iliyovuliwa jina

Hata uvimbe ukishatolewa na kukatwakatwa, ugomvi hauishi. Kisa kinachojulikana zaidi kilianzia Pittsburgh, Marekani. Daktari wa upasuaji alimpigia simu Dk Yuri Nikiforov, mtaalamu wa patholojia wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kuhusu msichana wa miaka 19. Alikuwa ametolewa kivimbe kidogo kilichofungwa vizuri ndani ya ganda lake. Kwa kanuni za wakati huo kilihesabiwa kuwa aina mojawapo ya saratani ya papilari. Nikiforov aliona kwamba msichana ameshapona kwa upasuaji ule ule wa kwanza. Lakini maadamu karatasi ilisema saratani, mwongozo ulidai atolewe tezi iliyobaki, apewe madini joto yenye mionzi, na afuatiliwe maisha yake yote.

Nikiforov aliwakusanya wataalamu 24 wa patholojia kutoka nchi saba. Walichambua vivimbe vya aina hiyo vilivyotolewa miaka mingi nyuma na kufuatilia yaliyowapata wenye navyo. Watu 109 walikuwa na kivimbe ambacho hakikutoboa ganda. Baada ya miaka 10 hadi 26 wote walikuwa hai, hakuna hata mmoja ugonjwa uliomrudia, na hakuna aliyekuwa amepewa tiba ya mionzi. Katika kundi jingine la watu 101, ambao chembe zao zilitoboa, 12 walipata madhara, yakiwemo ya ugonjwa kusambaa.

Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa na kivimbe kile kikapewa jina jipya refu, linalofupishwa NIFTP. Neno saratani halimo. Watafiti walikadiria kwamba mabadiliko hayo yangewagusa watu zaidi ya 45,000 kila mwaka duniani. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) likaliingiza jina hilo kwenye kitabu chake cha uainishaji. Mwaka 2018 masharti yakakazwa, baada ya kuonekana kwamba baadhi ya maabara zilikuwa zinaligawa jina hilo kwa ulegevu.

Kwa familia iliyoambiwa saratani kabla ya mwaka huo, hili si suala la majina tu. Kuna mtu aliyekosa bima kwa neno hilo, kuna aliyeacha kufikiria kuzaa, kuna aliyeishi miaka akihesabu siku.

Hapa kuna jambo linalotugusa moja kwa moja. Ili mtaalamu athibitishe kwamba ganda halikutobolewa, anatakiwa aliangalie ganda lote. Akikata vipande viwili tu kutoka uvimbe wenye ukubwa wa limau, hajauzunguka uzio. Na kabla ya hapo lazima nyama hiyo imfikie ikiwa salama. Zipo hospitali ambako kopo lenye kilichotolewa hukabidhiwa ndugu, alipeleke mwenyewe maabara ya mji mwingine na kulipia huko. Kopo likikaa chini ya kiti cha basi bila fomalini ya kutosha, au likabaki nyumbani kwa kukosa hela ya kipimo, jibu linakuwa limekufa kabla ya kuulizwa. Katika gharama zote za upasuaji wa thairoidi, pesa ya patholojia ndiyo ambayo familia huona inaweza kusubiri, na ndiyo isiyostahili kusubiri. Nyama hiyo ikishaandaliwa huhifadhiwa kwenye vipande vya nta, na vipande hivyo hudumu kwa miaka. Mgonjwa anaweza kuomba visomwe upya na mtaalamu mwingine, hata wa nchi nyingine, bila kukatwa tena. Nakala ya ripoti ikae nyumbani pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Wanaotafuta sana, na wanaochelewa sana

Siku hizi kuna matangazo ya "pima mwili mzima" kwa bei ya ofa, altrasaundi ya shingo ikiwa ndani ya kifurushi. Korea Kusini walishapita njia hiyo. Mwaka 1999 serikali yake ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuchunguza saratani kadhaa. Thairoidi haikuwemo, ila zahanati nyingi ziliiongeza kwa malipo madogo. Mwaka 2011 kiwango cha wanaogunduliwa kilikuwa mara 15 ya kile cha 1993, na zaidi ya watu 40,000 waligunduliwa mwaka huo mmoja. Thairoidi ikawa saratani inayogunduliwa kuliko zote nchini humo.

Lakini idadi ya waliokufa kwa saratani hiyo haikubadilika. Haikupanda, haikushuka. Madaktari walikuwa wakiokota vivimbe ambavyo vingi visingemsumbua mtu hadi anaingia kaburini. Waliogunduliwa karibu wote walipasuliwa. Takriban 11 kati ya kila 100 walibaki na upungufu wa kalsiamu, kwa kuwa tezi nne ndogo zinazoitunza zimejibana nyuma ya thairoidi na huumizwa kirahisi. Wawili kati ya 100 walipooza uzi wa sauti. Mwaka 2014 kundi la madaktari wa Korea lilijitokeza hadharani kuwataka watu wasio na dalili waache kupimwa, na ndani ya mwaka mmoja upasuaji ulishuka kwa zaidi ya theluthi.

Japan walikuwa wameanza kujaribu njia nyingine tangu 1993. Hospitali ya Kuma, mjini Kobe, iliwapa wagonjwa wenye saratani ya papilari isiyozidi sentimita 1 nafasi ya kusubiri huku wakipimwa mara kwa mara. Baada ya miaka 10, ni asilimia 8 tu ambao uvimbe wao ulikua kwa milimita 3 au zaidi, na asilimia 3.8 ulifika kwenye tezi za limfu za shingoni. Hao walipasuliwa wakati huo, na kuchelewa hakukuwadhuru. Kusubiri kwa namna hiyo kunahitaji altrasaundi nzuri na mgonjwa anayerudi tarehe aliyopangiwa. Bila hivyo viwili, si kusubiri tena, ni kujisahau.

Na huku kwetu, kujisahau ndiko kunakoua zaidi kuliko kupimwa kupita kiasi. Goita ya miaka 20 ambayo ghafla imeanza kukua ndani ya wiki chache si goita ile ile. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki tatu bila mafua, chakula kinachokwama, pumzi inayobana mtu akilala chali, uvimbe mgumu kama jiwe usiosogea, matezi yanayojitokeza pembeni mwa shingo: mtu mwenye moja ya hayo haendi kuchanjwa chale kwanza. Ipo aina ya saratani ya thairoidi, anaplastiki, ambayo ni ya watu wachache sana, kama mmoja au wawili kati ya wagonjwa 100, nayo huwashika zaidi wazee, wengine wakiwa na goita za siku nyingi. Wengi wao huishi miezi tu baada ya kugunduliwa. Kwao wiki mbili ni muda mrefu.

Kuna pia mkanganyiko wa kifua kikuu. Saratani ya papilari hupenda kukimbilia kwenye tezi za limfu za shingoni, na wakati mwingine uvimbe wa pembeni ndio unaoonekana kwanza, thairoidi yenyewe ikiwa haina dalili. Katika nchi zenye TB nyingi, uvimbe wa namna hiyo huchukuliwa kuwa TB ya matezi, na mgonjwa huanzishiwa dozi ya miezi sita. Mara nyingi ni TB kweli. Lakini kama dozi inaendelea na matezi hayapungui, ni halali kabisa mgonjwa kuuliza kama sindano ilichukuliwa na ilisema nini.

Hata hatua za ugonjwa huu zinachanganya. Mtu amezoea kusikia kwamba saratani iliyosambaa ni hatua ya nne. Katika aina za papilari na folikula, mgonjwa aliye chini ya miaka 55 hawekwi hatua ya tatu wala ya nne. Hata kama imefika kwenye mapafu, anaandikwa hatua ya pili. Si kosa la uchapaji. Hatua zimepangwa kwa kuangalia nani anakufa, na vijana wenye aina hizo wengi hawafi. Mpaka wa umri ulikuwa miaka 45 hadi mwongozo ulipobadilishwa, na ule mpya ukaanza kutumika mwaka 2018, hivyo mgonjwa wa zamani na wa sasa wanaweza kuwa na ugonjwa ule ule kwenye hatua tofauti. Wakikutana benchi moja la kliniki wakalinganisha karatasi, kila mmoja ataondoka na wasiwasi.

Watoto, mimba na kidonge cha asubuhi

Mtoto akiwa na uvimbe shingoni, mara nyingi ni matezi yaliyoamshwa na mafua, jino bovu au vidonda vya kichwani, na hupungua yenyewe. Kivimbe ndani ya thairoidi ya mtoto ni jambo jingine. Ni nadra, lakini kikipatikana uwezekano wa kuwa saratani ni kati ya asilimia 22 na 26, mkubwa kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo kile kinachosubirishwa kwa mama hakisubirishwi kwa binti yake wa miaka 12. Habari njema ni kwamba watoto wengi sana wenye saratani ya papilari hutibiwa na kuishi maisha marefu, hata ile iliyokwisha kusambaa shingoni.

Akina mama wanaonyonyesha au wenye ujauzito wana hesabu yao. Kipimo cha sindano hakina shida kwa mjamzito. Upasuaji, kwa saratani nyingi za thairoidi, unaweza kungoja hadi ajifungue. Madini joto yenye mionzi, ambayo kwa Tanzania hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road, hayatolewi kabisa kwa mjamzito, na anayenyonyesha lazima awe ameacha wiki kadhaa kabla, asirudi tena kumnyonyesha mtoto huyo. Baada ya dozi hulala peke yake na kukaa mbali na watoto wadogo kwa siku alizoelekezwa, na huambiwa asishike mimba kwa miezi 6 hadi 12. Mambo haya yanapaswa kujulikana kabla ya tarehe ya tiba, ili bibi au shangazi apangwe mapema kukaa na watoto.

Aliyetolewa tezi nzima atameza kidonge cha homoni kila siku. Humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu anavyopewa mjamzito kliniki, pamoja na vile vya kalsiamu, hukizuia kisifyonzwe, kwa hiyo vipishane kwa saa nne. Akishika mimba, dozi kwa kawaida inahitaji kuongezwa mapema, kabla hata ya hudhurio la kwanza ambalo wengi hulichelewesha, kwa kuwa mtoto tumboni anategemea homoni ya mama katika wiki hizo.

Imebaki aina moja ambayo karatasi yake si ya mgonjwa peke yake. Saratani ya medula ni asilimia 3 hadi 5 ya saratani zote za thairoidi, na robo hivi ya wenye nayo wameirithi kupitia kasoro katika kinasaba kiitwacho RET. Mzazi mwenye kasoro hiyo anaweza kumrithisha kila mtoto kwa uwezekano wa nusu kwa nusu. Damu ya mgonjwa hupimwa homoni nyingine, kalsitonini, ambayo saratani hii huitoa kwa wingi. Watoto waliorithi, kwa baadhi ya kasoro, hutolewa tezi kabla ya kufika miaka mitano, kabla saratani haijaanza. Kwa aina kali zaidi, hufanyika ndani ya mwaka wa kwanza. Kwa hiyo ripoti ikija na neno medula, swali la kwanza kwa daktari liwe kuhusu kipimo cha vinasaba, na la pili liwe watoto waletwe lini.